Mahali Programu Inaposimama

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitunza seva ndogo ya ofisi moja ya wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Mwaloni Kirumba. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani ya kawaida iliyowekwa Linux, na kazi yake ni kuhifadhi hesabu za magunia yanayoingia, uzito wake, jina la aliyeleta mzigo na bei ya siku hiyo, pamoja na picha za stakabadhi. Usiku mmoja skripti, yaani orodha fupi ya amri niliyoiandika kwa mkono wangu, ilifuta sehemu kubwa ya vitu hivyo. Haikuwa na kosa la tahajia, hakuna mtu aliyeingilia, wala diski haikuharibika. Ilitekeleza kila nilichoiagiza, ila ilikitekeleza mahali ambapo sikukusudia. Tangu hapo nimelichukulia kwa uzito mkubwa jambo ambalo mafunzo mengi hulipitia kwa aya moja tu: kila mchakato, yaani kila programu inayoendeshwa na kompyuta, umesimama mahali fulani, na mahali hapo si lazima pawe pale ninapodhani.

Skripti ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza uliingia katika saraka (folda) ya nakala rudufu iliyomo kwenye diski ya nje, wa pili ulifuta faili zenye umri wa zaidi ya siku 14 ili diski isijae, na wa tatu ulitengeneza nakala mpya ya hesabu.

cd /mnt/diski/nakala
find . -type f -mtime +14 -delete
tar czf hesabu-$(date +%F).tar.gz /home/ofisi/hesabu

Alasiri ya siku hiyo umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Seva ilipowaka mara ya mwisho diski ya nje haikupachikwa, yaani haikuunganishwa na mti wa saraka za mfumo, hivyo /mnt/diski ikabaki saraka tupu ya diski ya ndani, isiyo na saraka yoyote iitwayo nakala. Saa nane usiku cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, ikaanzisha skripti kama ilivyozoea. Mstari wa kwanza ulishindwa, Bash, programu inayosoma amri na kuzitekeleza, ikaandika ujumbe wa kosa mahali ambapo hapakuwa na msomaji, kisha ikaendelea na mstari wa pili, kwa sababu amri moja kushindwa hakuizuii Bash kwenda kwenye inayofuata mpaka uwe umeiagiza isimame. Nukta iliyomo katika mstari wa pili maana yake ni «hapa nilipo», na cron huanzisha kazi za mtumiaji ikiwa imesimama katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji huyo. Hapo palikuwa /home/ofisi. Kila faili iliyokaa zaidi ya wiki mbili bila kuguswa, katika saraka zote zilizomo humo, ikaondoka.

Dalili ya kwanza niliipata asubuhi nikiwa bado nyumbani Igoma. Nilijaribu kuingia kwenye seva kwa ufunguo, kama ninavyofanya kila siku, nayo ikanitaka nywila. Faili inayoorodhesha funguo zinazoruhusiwa hukaa ndani ya saraka ya nyumbani ya mtumiaji, na ilikuwa na umri wa zaidi ya mwaka mmoja. Nilipokuwa bado natafakari hilo, mhasibu akapiga simu. «Kaka, naomba ufike. Daftari la kwenye kompyuta linaanzia wiki mbili zilizopita. Ya nyuma yote siyaoni.» Nilipofika nikaikuta nakala mpya ya hesabu imelala katikati ya saraka ya nyumbani, mahali ambapo haikupaswa kuwapo kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea, kwa maana mstari wa tatu nao ulikuwa umeandika «hapa nilipo».

Hesabu zilirudi zote, kwa kuwa diski ileile ambayo kutopachikwa kwake kulileta balaa ilikuwa salama na nakala ya usiku uliotangulia ilikuwamo. Picha za stakabadhi hazikurudi. Sikuwa nimeziweka katika nakala rudufu, na karatasi za mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, kama anavyojua kila aliyewahi kuziweka kwenye droo, maandishi yake hufifia baada ya muda, na ndiyo sababu tulikuwa tunazipiga picha. Tulikaa na mhasibu siku nne tukizipiga picha upya zile zilizokuwa bado zinasomeka. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa karatasi nyeupe, na mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Ukerewe alilazimika kurudi na kitabu chake mwenyewe ili tulinganishe malipo yake ya miezi miwili. Alikuwa mvumilivu kuliko nilivyostahili.

Sasa nieleze kinachotendeka ndani. Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, kiini cha mfumo, ile programu inayotawala nyingine zote, huhifadhi kwa kila mchakato kumbukumbu mbili za mahali: saraka yake ya kazi na saraka yake mzizi. Njia ya faili inayoanza na alama ya mkwaju (/), yaani njia kamili, huanza kutafutwa kutoka saraka mzizi ya mchakato huo, na njia isiyoanza na mkwaju huanza kutafutwa kutoka saraka yake ya kazi. Mchakato ukizaa mwingine, mtoto hurithi kumbukumbu zote mbili, na hata mtoto akigeuka kuwa programu nyingine kabisa urithi huo haupotei. Wito wa mfumo (ombi la programu kwa kiini) unaobadilisha saraka ya kazi huitwa chdir, na ule unaobadilisha saraka mzizi huitwa chroot. Ukimwelekeza mgeni kwa kumwambia avuke barabara na kuhesabu nyumba ya tatu mkono wa kushoto, maelekezo yako ni sahihi kwa mtu aliyesimama pale ulipofikiri amesimama. Aliyesimama Bwiru atayafuata vilevile, neno kwa neno, na atabisha hodi kwa watu wengine. Skripti yangu ilikuwa mgeni wa namna hiyo.

Jambo moja linaloshangaza wanaoanza ni kwamba cd haiwezi kuwa programu ya kujitegemea. Kijana anayejifunza kazi kwangu aliwahi kuandika skripti fupi ya kumwingiza katika saraka ya hesabu ili asiwe anaandika njia ndefu kila mara. Aliiendesha, ikamaliza bila kosa, naye akajikuta palepale alipokuwa. Akaiendesha tena na tena akidhani kuna herufi amekosea. Skripti ilikuwa imeingia kweli katika saraka ile, lakini iliingia yenyewe, ikiwa mchakato mtoto wa Bash, na ilipokwisha ikaondoka na mahali pake. Mtoto hawezi kumhamisha mzazi, na kwa sababu hiyo cd ni amri iliyojengwa ndani ya Bash yenyewe.

Nilimpa moyo kwa kumweleza kwamba waliounda Unix nao walinaswa papo hapo. Dennis Ritchie, aliyeiunda pamoja na Ken Thompson, alisimulia kwamba katika mfumo wao wa mwanzo kabisa, kwenye mashine ya PDP-7, kila kituo cha kuandikia kilikuwa na mchakato mmoja tu, na chdir ilikuwa amri ya kawaida iliyobadilisha mahali pa mchakato huo. Walipoongeza uwezo wa mchakato kuzaa mwingine, chdir ikaacha kufanya kazi ghafla. Walisoma msimbo wao kwa wasiwasi, wakijiuliza ni vipi wito mpya ungeweza kuharibu wa zamani, hadi walipotambua kwamba amri ilikuwa inafanya kazi sawasawa, ila ilikuwa inabadilisha mahali pa mchakato uliozaliwa kuiendesha, ambao ulikufa mara tu baada ya hapo. Mimi hukipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba kosa la kudhani kuna «mahali» pamoja pa kompyuta nzima si kosa la uzembe. Ni kosa la mtu aliyezoea mashine yenye mwendeshaji mmoja.

Hali huwa ngumu zaidi ndani ya programu yenye nyuzi kadhaa, yaani mikondo ya kazi ndani ya mchakato mmoja, zinazofanya kazi kwa pamoja, kwani kwa kawaida nyuzi zote za mchakato mmoja hutumia saraka moja ya kazi. Uzi mmoja ukiita chdir, nyingine zote zimehama nao zikiwa katikati ya kazi. Dawa niliyoizoea ni kutumia njia kamili, au kuifungua saraka kwanza kisha kufungua faili kwa kuanzia kwenye saraka hiyo iliyokwisha kufunguliwa, kwa wito wa openat, ambao uliingizwa katika POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, mwaka 2008.

Kuna pia usumbufu mdogo ambao kila msimamizi wa seva ameuonja: unataka kuibandua diski, mfumo unakataa kwa kusema inatumika, na huoni faili yoyote iliyofunguliwa. Mara nyingi ni mchakato uliosimama tu ndani yake bila kufanya lolote, pengine dirisha la Bash ulilolisahau tangu asubuhi. Linux huonyesha mahali pa kila mchakato ndani ya /proc, chini ya namba ya mchakato huo, kwa kiungo kiitwacho cwd, na kando yake kuna kingine kiitwacho root. Ndiyo maana programu zinazokaa nyuma kwa muda mrefu zina desturi ya kuhamia saraka mzizi zinapoanza, zisije zikaizuia diski ya mtu kwa kusimama kwake.

Sehemu ya mwanzo ya skripti ya nakala rudufu niliiandika upya siku ileile.

mountpoint -q /mnt/diski || exit 1
cd /mnt/diski/nakala || exit 1
find /mnt/diski/nakala -type f -name 'hesabu-*.tar.gz' -mtime +14 -delete

Mstari wa kwanza unauliza kama diski imepachikwa kweli, wa pili unasimamisha kila kitu endapo kuingia kutashindikana, na wa tatu unataja njia kamili na aina ya jina la faili, hivyo hata ile mingine miwili ikikosewa siku moja, kufuta hakutatoka nje ya nakala. Wanaotumia systemd, msimamizi wa huduma katika Linux nyingi, wanaweza kuandika saraka ya kazi katika maelezo ya huduma, na huduma hukataa kuanza saraka hiyo isipokuwapo. Kukataa kuanza ndiko ninakokutaka. Programu inayofuta vitu na isiyo na uhakika wa mahali iliposimama isiruhusiwe kuendelea hata kwa mstari mmoja.

Saraka ya kazi hubadilisha maana ya nukta. Saraka mzizi hubadilisha maana ya mkwaju, na hapo ndipo mambo huwa matamu zaidi. Wito wa chroot ulionekana katika toleo la saba la Unix mwaka 1979. Ukiuita kwa kutaja saraka fulani, tangu hapo mchakato huo na watakaozaliwa nao wakisema / wanamaanisha saraka hiyo, wakisema /etc wanamaanisha etc iliyomo ndani yake, na vilivyo juu yake hawawezi kuvitaja kwa njia kamili yoyote. Hakuna faili inayohamishwa, wala kompyuta ya pili haitengenezwi. Kinachobadilika ni mahali ambapo majina huanzia, basi.

Mimi nililielewa hili vizuri siku seva ilipogoma kuwaka, baada ya umeme kukatika katikati ya uboreshaji wa kiini. Niliiwasha kwa flashi yenye Linux, nikaipachika diski ya ndani, nikaunganisha saraka chache ambazo kiini huzijaza chenyewe, kisha nikaingia.

mount /dev/sda2 /mnt
mount --bind /dev /mnt/dev
mount --bind /proc /mnt/proc
mount --bind /sys /mnt/sys
chroot /mnt /bin/bash

Baada ya mstari wa mwisho nilikuwa ndani ya seva iliyogoma kuwaka. Amri ya kubadilisha nywila ingebadilisha nywila za seva, wala si za flashi. Amri ya kusanikisha vifurushi ingeandika katika diski ya seva. Lakini nilipouliza toleo la kiini kwa uname -r, jibu lilikuwa la kiini cha flashi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinaendesha kila kitu. Majina yalikuwa ya seva, na pumzi ilikuwa ya flashi. Niliutazama ule mstari wa jibu kwa muda mrefu, nikahisi kwamba hatimaye nimeshika nilichokuwa nikikisoma kwa miaka bila kukigusa. Kisha nikaendesha update-initramfs na update-grub, amri zinazotayarisha upya faili za kuwashia mfumo, nikatoka, nikabandua vyote, na seva ikawaka kabla ya magari ya mzigo wa jioni kuondoka.

Matumizi yetu ya pili ya chroot ni ya kila siku. Mawakala walioko Ukerewe na Sengerema hutuma hesabu za uzito kwa SFTP, njia salama ya kutuma faili, na sikutaka wakala yeyote, au yeyote atakayeiba simu ya wakala, aweze kuzunguka ndani ya seva. OpenSSH, programu inayowapokea, ina mpangilio uitwao ChrootDirectory unaomfungia mtumiaji katika saraka moja, na ukitumia internal-sftp, yaani SFTP iliyojengwa ndani ya OpenSSH yenyewe, huhitaji kuweka faili yoyote ya mfumo ndani yake. Una sharti moja linalowakera wengi: saraka hiyo, na zote zilizo juu yake hadi kwenye mzizi, lazima ziwe mali ya mtumiaji mkuu na asiwepo mwingine anayeweza kuandika ndani yake. Nimeona watu wakilizunguka sharti hili kwa kila hila. Tafadhali wasifanye hivyo. Anayeweza kuandika katika saraka mzizi ya mchakato anaweza kuupa mchakato huo /etc ya kwake, yaani orodha ya watumiaji aliyoitunga mwenyewe, na programu yenye mamlaka itaiamini orodha hiyo kwa kuwa inaisoma kwa jina ililolizoea. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya chroot iruhusiwe kwa mwenye mamlaka ya mtumiaji mkuu pekee, ingawa kwa mtazamo wa kwanza kujifungia mwenyewe kunaonekana ni jambo lisilo na madhara kwa mtu mwingine.

Faili zikishapokewa husomwa na programu ndogo niliyoiandika, nayo pia huendeshwa ndani ya saraka mzizi yake, /srv/mizani. Kuitayarisha saraka hiyo kulinifunza mambo mawili. Nilianza kwa kunakili Bash ndani yake ili nijaribu, nikaita chroot, nikajibiwa kwamba hakuna faili wala saraka yenye jina /bin/bash. Nikaangalia, faili ipo, ruhusa zipo. Kilichokosekana hakikuwa Bash. Programu nyingi za Linux hubeba ndani yake njia kamili ya kipakiaji, ile programu inayoziunganisha na maktaba zake, na kwenye mashine yetu njia hiyo ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kiini kiliifungua Bash, kikasoma njia hiyo, kikaitafuta kuanzia mzizi mpya, kisiione, kikaleta jibu lilelile ambalo kingelileta kama Bash yenyewe isingekuwapo. Amri ya ldd huorodhesha vinavyohitajika, nami nikavinakili kimoja kimoja.

La pili liliibuliwa na mhasibu. Alinionyesha kitabu cha matukio cha programu ile akasema, «Kaka, huyu wakala wa Ukerewe ametuma saa kumi na moja alfajiri. Mizani yao inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nani alipima?» Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza kushuku wizi, na kwa kazi yake alikuwa na haki. Kitabu kiliandika 05:00. Tofauti ya saa tatu kamili ndiyo iliyonistua, kwa kuwa saa zetu za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele ya saa za dunia (UTC), na programu isiyoiona faili ya /etc/localtime hutumia saa za dunia bila kusema neno. Wakala alikuwa ametuma saa mbili asubuhi, sawasawa na kazi yake, na jina lake lilikaribia kuingia doa kwa sababu ya faili moja ambayo sikuiweka.

Nikainakili faili hiyo kwa haraka, na saa ikabaki vilevile. Sababu ni nzuri mno kuiacha. Katika mifumo mingi /etc/localtime si faili kamili, ni kiungo kinachoelekeza kwenye njia nyingine inayoanza na mkwaju, chini ya /usr/share/zoneinfo. Nilikuwa nimenakili kiungo jinsi kilivyo. Kilipofuatwa kutoka ndani ya /srv/mizani, mkwaju wake ulimaanisha /srv/mizani, ambako hakuna usr yenye saa za dunia nzima. Kiungo hakibebi mzizi wa aliyekitengeneza. Kinasomwa kwa mzizi wa anayekifuata. Niliponakili faili yenyewe badala ya kiungo, saa ikakaa sawa, nami nikampigia simu wakala wa Ukerewe kumweleza kilichotokea, ingawa hakuwa amesikia tuhuma yoyote.

Linalobaki ni hili ambalo kijana wangu aliniuliza: je, chroot ni gereza? Wengi huiita hivyo, na mimi naona ni jina la hatari. Nilimpa jaribio. Aliandika programu fupi inayoita chroot kwa /srv/mizani, kisha inaacha mamlaka yake na kuwa mtumiaji wa kawaida, kisha inafungua ../../etc/passwd, ambamo kila nukta mbili humaanisha kupanda saraka moja juu. Alitarajia ikataliwe. Ikafunguka, na ndani yake yalikuwamo majina ya watumiaji wote wa seva. Wito wa chroot haugusi saraka ya kazi. Programu ilikuwa bado imesimama pale alipoianzishia, nje ya mzizi mpya, na kutoka hapo nukta mbili zilipanda juu bila kizuizi, kwani kizuizi cha kupanda hufanya kazi pale tu upandaji unapokutana na saraka mzizi ya mchakato, na yeye alikuwa anapanda ngazi ambazo hazipiti hapo kabisa. Kubaki mtumiaji wa kawaida hakukumzuia.

Saraka yoyote iliyoachwa wazi kabla ya chroot ni mlango wa namna hiyohiyo, maana mchakato unaweza kurudi ndani yake kwa fchdir na kusimama nje tena. Na mchakato uliobaki na mamlaka ya mtumiaji mkuu hauhitaji hata kuachiwa mlango: hutengeneza saraka ndogo ndani, huita chroot kwa saraka hiyo huku wenyewe ukibaki umesimama nje yake, kisha hupanda kwa nukta mbili mpaka kwenye mzizi wa kweli. Maelezo ya Linux yenyewe yanasema wazi kwamba wito huu haukukusudiwa kuwa kifaa cha usalama wa aina yoyote. Hauzuii mtandao, hauifichi michakato mingine, wala haupunguzi mamlaka ya aliye ndani.

Waliotaka kizuizi cha kweli walilazimika kujenga zaidi. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ilileta jail katika toleo la 4.0 mwaka 2000, ambamo mtumiaji mkuu wa ndani hana mamlaka ya mtumiaji mkuu wa nje. Linux, kuanzia toleo la 2.4.19 mwaka 2002, iliruhusu kundi la michakato kuwa na orodha yake ya diski zilizopachikwa, tofauti na ya wengine, na juu ya msingi huo kontena za leo, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa na nyingine, hutumia pivot_root, wito unaoubadilisha mzizi wa orodha nzima na kuuweka ule wa zamani kando ili ubanduliwe. Tofauti yake na chroot ni kubwa kwa mtu anayetaka kutoroka. Katika chroot mti wa zamani bado umepachikwa, na kinachokosekana ni jina la kuufikia. Baada ya pivot_root na kubandua, mti wa zamani haumo tena katika orodha yake.

Kwa programu yetu ya mizani sikuona haja ya kontena. Nilimkalisha kijana aiandike upya sehemu ya mwanzo, na tulijadiliana juu ya mpangilio wake kuliko juu ya programu nzima: kwanza ifunge kila ilichorithi kikiwa wazi, kisha iingie /srv/mizani kwa chdir, kisha iite chroot kwa nukta, kisha iache makundi yake, kisha kundi lake kuu, na mwisho iache utumiaji mkuu, huku kila hatua ikikaguliwa na programu ikisimama papo hapo hatua yoyote ikishindwa. Alitaka kuanza na utumiaji mkuu kwa kuwa ndio unaotisha zaidi. Nikamwacha ajaribu, na chroot ikamkatalia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuutupa ufunguo kabla ya kuufunga mlango.

Alipopanga upya akaianzisha programu, akaifungua tena ile ../../etc/passwd, na safari hii akaambiwa haipo. Halafu, bila mimi kumwambia, akachukua namba ya mchakato na kutazama viungo viwili ndani ya /proc. Cwd ilionyesha /srv/mizani, na root ikaonyesha /srv/mizani.